Ukichora Usiku, Chora Usiku wa Kwetu

Niseme mapema, usije ukasoma mpaka mwisho ukidhani nazunguka: mwalimu akitengeneza picha ya anga la usiku kwa ajili ya darasa, picha hiyo ianzie kwenye anga ambalo mwanafunzi wake analiona akitoka nje ya nyumba yao, na chini yake iandikwe kwamba ni picha ya kutengenezwa. Kama hayo mawili hayawezekani, bora ukuta ubaki mtupu. Ukuta mtupu haumdanganyi mtoto.

Najua kuna watakaocheka. Wiki hizi za kuelekea TP, ukipita kwenye vimbweta saa za jioni utawakuta wana wa kozi ya elimu wameinamia kompyuta, kila mmoja na zana zake za kufundishia: slaidi za jiografia, chati za sayansi, mabango ya klabu. Bumu limeingia, bando lipo, watu wanapakua. Na kama kuna picha inayopendwa kuliko nyingine, ni anga la usiku lenye nyota. Mtu wa jiografia anaitaka kwa mada ya mfumo wa jua. Mtu wa Kiswahili anaitaka kwa jalada la mashairi ya wanafunzi wake. Mtu wa fizikia anaitaka kwa sababu inapendeza tu. Ongeza hapo mabango ya sherehe ya wahitimu na ya mikesha ya maombi. Nyota kila mahali, ila sijasikia hata mmoja akiuliza: hizi nyota ni za wapi?

Mimi nimekulia Kivukoni, kando ya Mto Kilombero, pale pantoni ilipokuwa ikivusha watu na magari kati ya Ifakara na upande wa Mahenge kabla ya kufunguliwa lile daraja la mita 384, Daraja la Magufuli, mwaka 2018. Jina la kijiji linajieleza lenyewe. Bonde letu ni tambarare ya maji na mpunga. Kaskazini magharibi kuna milima ya Udzungwa, kusini kuna ya Mahenge, na katikati yake kuna anga kubwa lisilozuiwa na kitu. Msimu wa kilimo ukifika, familia nyingi zinahamia shambani, tunaita shamba ugenini, mbali na kijiji. Huko watu wanalala kwenye vibanda na madungu wakilinda mpunga usiliwe na nguruwe pori na viboko. Mtoto aliyekulia huko amekaa chini ya nyota kwa saa nyingi kuliko wengi wetu tunaokwenda kumfundisha habari zake.

Sasa mchukue mtoto huyo umkalishe darasani. Mwaka jana nilifanya TP kwenye shule moja ya sekondari huko bondeni. Ukutani kulikuwa na chati kubwa ya rangi, imetundikwa tangu zamani, kazi nzuri ya mtu aliyejua kutumia programu za picha. Mwezi mwandamo umesimama wima kama herufi C. Katikati ya pembe zake kuna nyota inang'aa. Chini kuna misonobari na kijumba chenye theluji juu ya paa. Angani mistari ya nyota imezunguka kama duara za maji ukitupa jiwe, na katikati ya duara, juu kabisa, pameandikwa: Nyota ya Kaskazini.

Kijana mmoja wa kidato cha kwanza alinyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo nyota inaonekana upande gani? Mimi nalala dunguni kila msimu, sijawahi kuiona."

Kabla sijafungua mdomo, mwenzake akamkata: "We naye! Hiyo ni ya kwenye mtihani, siyo ya dunguni."

Darasa lilicheka, nami nikajikuta nacheka nao. Lakini sentensi ile ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Hiyo ni ya kwenye mtihani, siyo ya dunguni. Mtoto wa miaka kumi na minne ameshagawa dunia mafungu mawili: kuna anga la shule, ambalo unalikariri, na kuna anga la nyumbani, ambalo unaliona ila halina maksi. Tukiulizana kwa nini wanafunzi wetu wanakariri bila kuelewa, tunazoea kulaumu mtaala, lugha ya kufundishia, au uchache wa vitabu. Ni kweli, hayo yapo. Lakini na sisi tunaobandika picha ukutani tuna sehemu yetu.

Aliyeuliza alikuwa sahihi. Ifakara iko takriban nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Nyota ya Kaskazini, ambayo wataalamu wanaiita Polaris, iko karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya anga, kwa hiyo kwetu iko chini ya upeo wa macho kwa nyuzi kama 7 au 8, usiku wote, mwaka mzima. Haijifichi nyuma ya mti wala ya mlima. Iko chini ya ardhi tunayoikanyaga. Mtoto wa Kivukoni akiitafuta mpaka azeeke hataiona, labda asafiri kuelekea kaskazini avuke Ikweta. Zile duara za nyota nazo zina maelezo yake. Ni picha inayopigwa kwa kuacha kamera wazi muda mrefu wakati dunia inajizungusha, au inayotengenezwa kwenye kompyuta kwa kunakili nyota na kuzizungusha kidogo kidogo kwenye nukta moja. Kwetu nukta hiyo ya kuzungukia haiko juu ya kichwa. Iko kusini, nyuzi 8 tu juu ya upeo wa macho, yaani karibu na vilele vya milima. Ukiona picha ina mbuyu chini na duara za nyota zimekaa juu kabisa, jua mbuyu umetoka Afrika na anga limetoka Ulaya.

Na mwezi je? Kwetu, karibu na Ikweta, mwezi mwandamo unapoonekana jioni unakaa kama mtumbwi unaoelea, pembe zake zikielekea juu, tumbo likielekea kule jua lilikozama. Mvuvi yeyote wa Kilombero anaujua mwezi huo. Ule wa kusimama wima ni wa watu wanaoishi mbali na Ikweta, maana kule jua na mwezi huzama kwa kupinda, hazishuki moja kwa moja kama huku. Ama nyota kukaa ndani ya pembe za mwezi, kwenye ile sehemu yenye giza, hilo halitokei popote duniani. Sehemu yenye giza si tundu. Mwezi ni tufe zima ambalo upande mmoja haujapata mwanga, na nyota ziko mbali nyuma yake. Kama alama, mwezi na nyota ni sawa, sina ugomvi na alama ya mtu. Ila chati ya jiografia haichori alama.

Mtu atauliza: sasa kwa nini tusiwapeleke tu watoto nje wakaangalie anga lenyewe, tuachane na kompyuta? Swali zuri, na majibu yake wenyeji tunayo. Shule nyingi za bondeni ni za kutwa, saa 2 usiku mwanafunzi yuko nyumbani kilomita kadhaa kutoka shuleni. Hakuna mzazi atakayekubali binti yake atembee usiku kwenda kuangalia nyota na mwalimu wa TP wa miezi miwili, na yuko sahihi kukataa. Halafu kuna mbu. Ifakara inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria, na haikupata sifa hiyo bure. Jioni ya bondeni siyo ya kukaa nje mikono wazi. Na msimu wa mvua mawingu yanaweza kufunika anga wiki nzima. Kwa hiyo picha ya kutengenezwa tunaihitaji, na sikatai kutengeneza. Ninachokataa ni kutengeneza bila kuangalia. Kwa kuwa picha hiyo inasimama badala ya kitu ambacho hatuwezi kukifikia muda wa kipindi, ndiyo maana inapaswa kuwa ya kweli.

Tatizo linaanzia kwenye njia tunayofundishana. Muulize mtu yeyote pale maabara ya kompyuta namna ya kutengeneza nyota, atakupa desa lile lile. Fungua ukurasa mpya, jaza nyeusi. Mwaga chembechembe nyeupe juu yake kwa ile amri ya kuongeza chembe. Fifisha kidogo. Kisha kaza tofauti ya mwanga na giza mpaka chembe hafifu zipotee, zibaki zile kali. Nakili leya hiyo, ikuze upate nyota kubwa, changanya na ile ya kwanza. Weka rangi ya bluu chini, bandika mwezi, tayari. Dakika kumi.

Njia hii ni ya werevu, sikatai. Kwa bango la disko inatosha kabisa. Lakini angalia inachofanya: kompyuta inarusha chembe kila upande bila kubagua, kama mtu anayemwaga mpunga kwenye mkeka. Anga haliko hivyo. Bila darubini, macho ya binadamu yanaweza kuona nyota zipatazo 6,000 angani kote, na kwa wakati mmoja unaona chini ya nusu yake, maana nusu nyingine ya anga iko chini ya upeo. Kati ya hizo, zinazong'aa sana ni chache, hafifu ni nyingi, na kila unaposhuka ngazi moja ya mwanga idadi inaongezeka kama mara tatu hivi. Hazikutawanyika sawasawa. Zinajikusanya kwenye ule mkanda mweupe uitwao Njia ya Maziwa, na ndani ya mkanda huo kuna mabaka meusi ya vumbi. Zina rangi pia: kwenye kundi la Orion, Betelgeuse ni nyekundu nyekundu na Rigel ni nyeupe inayoelekea bluu. Na karibu na upeo wa macho zinafifia, kwa sababu mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi. Hayo yote mtoto wa dunguni ameyaona hata kama hajui majina yake. Ukimwonyesha mpunga uliomwagwa mkekani ukamwambia ndilo anga, amejua kuwa humjui.

Njia nyingine ipo na haina gharama. Kuna programu ya bure inaitwa Stellarium, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unaiambia uko wapi, tarehe gani, saa ngapi, nayo inakuonyesha anga la mahali hapo. Ipo ya kompyuta na ipo ya simu. Na kwa kuchora kuna GIMP, ambayo ni ya bure vilevile. Hii ilianzishwa katikati ya miaka ya 1990 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Wanafunzi, kama wewe na mimi. Kwa hiyo mtu asiniambie mpaka anunue Photoshop, au atafute ile ya kuibiwa inayokuja na virusi kwenye fleshi.

Unafanya hivi. Weka Ifakara kwenye Stellarium, katikati ya Mei, saa 3 na nusu usiku, ukitazama kusini. Utauona Msalaba wa Kusini umesimama wima, nyuzi kama 38 juu ya upeo, na kushoto kwake nyota mbili kali zinazoufuata, Alpha na Beta Centauri. Chukua picha ya skrini, ifungue kwenye GIMP, iwe leya ya chini ya kufuatishia tu. Juu yake fungua leya mpya isiyo na rangi, kisha dondoa nyota kubwa moja moja kwa brashi laini, kila moja kwa ukubwa na rangi yake. Hazizidi hamsini; ni kazi ya nusu saa. Zile chembe za kumwaga bado zina nafasi, zitumie kwa nyota hafifu sana tu, nyingi zaidi kwenye mkanda wa Njia ya Maziwa na chache pembeni. Mkanda wenyewe uchore kwa brashi pana yenye rangi hafifu, kisha ufute mabaka meusi. Anga liwe jeusi zaidi juu, lipauke kidogo kadiri unavyoshuka. Mwisho kabisa weka ardhi: vivuli vyeusi vya milima ya Mahenge, mwembe, paa la dungu. Ile leya ya kufuatishia iondoe, halafu andika pembeni kwa herufi zinazosomeka: picha imetengenezwa kwa kompyuta, anga la Ifakara, kusini, Mei, saa 3 na nusu usiku.

Mstari huo wa mwisho unachukua sekunde ishirini kuandika, na ndio unaoigeuza picha kuwa zana. Sasa mwanafunzi anaweza kuikagua. Akifika nyumbani, saa hiyo, mwezi huo, kama hakuna mawingu, anatoka mlangoni dakika mbili anatazama kusini. Akiukuta Msalaba pale, amejifunza kwamba kinachosemwa shuleni kinaweza kupimwa kwa macho yake. Akirefusha ule mti mrefu wa Msalaba mara nne na nusu kuelekea mguuni, atafika kwenye ncha ya kusini ya anga. Akishuka hapo mpaka ardhini, ameipata kusini bila dira. Hiyo ndiyo nyota yetu ya kuonyesha njia, siyo Polaris. Mtaala mpya unatuimbia umahiri kila ukurasa. Umahiri gani unaozidi mtoto kupata mwelekeo wake usiku kwa kutumia kitu alichojifunza asubuhi?

Kuna faida nyingine ambayo mimi niliipata kwa bibi yangu. Nilimpigia simu nikiwa natengeneza anga la Novemba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

"Nimekula bibi. Nauliza hivi, Kilimia mlikuwa mnakitazamia nini?"

"We mtoto, chuo kizima hakuna anayejua Kilimia?" Akacheka. "Kikichomoza jioni, jua linazama huku, chenyewe kinatoka kule, ujue shamba liwe limeshasafishwa. Ukichelewa hapo, mvua itakukuta umekaa."

Ukiangalia Stellarium, bibi hajakosea. Katikati ya Novemba kile kichungu kidogo cha nyota kinachomoza mashariki wakati jua linazama magharibi. Watu wa pwani nao wana methali yao: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi wa Mei, mvua za masika zikimalizika, kinazama magharibi pamoja na jua, kinapotea wiki kadhaa, na Juni kinaonekana tena mashariki alfajiri, kiangazi kikiwa kimeanza. Jina lenyewe limebeba kulima. Hii ni kalenda iliyoandikwa angani, na iliwalisha watu kabla ya redio kuanza kutangaza utabiri wa hali ya hewa. Kwenye programu kimeandikwa Pleiades. Kwenye chati za madukani pia, kama kipo. Sisemi jina hilo lifutwe, mwanafunzi atalihitaji. Nasema unapoandika jina kwenye picha yako, andika Kilimia kwanza. Leya ya maandishi haikudai bando.

Sasa nijibu wanaopinga, maana nimeshawasikia pale kwenye vimbweta.

Wa kwanza anasema: hiyo ni sanaa, sanaa haina mipaka. Sawa kabisa. Bango la usiku wa mashairi weka miezi mitatu ukitaka. Lakini hata wasanii wakubwa walianza kwa kuangalia. Vincent van Gogh alichora ule usiku wake maarufu Juni 1889 huko Saint-Rémy, Ufaransa. Anga limezunguka kama maji ya mto na kijiji amekibuni kwa sehemu. Hata hivyo alikuwa amemwandikia mdogo wake kwamba aliiona nyota ya asubuhi kupitia dirishani, na Zuhura kweli ilikuwa inaonekana alfajiri za majira yale. Alikijua alichokuwa anakipindisha. Kupindisha unachokijua ni sanaa. Kubandika usichokijua ni uvivu wenye rangi nzuri.

Wa pili anasema: nani atagundua? Jibu ni kwamba watu wanagundua. Filamu ya Titanic ya mwaka 1997 ilitengenezwa kwa fedha nyingi, lakini mnajimu wa Marekani Neil deGrasse Tyson aliona kwamba anga la usiku ule wa ajali halikuwa lenyewe, na upande mmoja ulikuwa umenakiliwa na kugeuzwa kama kwenye kioo. Alisema mpaka akasikilizwa. Filamu iliporudi kumbini mwaka 2012, James Cameron alikuwa amerekebisha anga hilo. Kama mwongozaji wa filamu ya mapenzi alikubali kurudi kurekebisha nyota za nyuma ya mwigizaji, mwalimu wa jiografia ana kisingizio gani? Na kwetu aliyegundua hakuwa profesa. Alikuwa mlinzi wa mpunga wa kidato cha kwanza.

Wa tatu anasema: siku hizi akili mnemba inachora yenyewe, sekunde tatu umepata. Umepata nini? Mashine hiyo imejifunza kwa kumeza picha zilizokuwepo tayari, kisha inachora kitu kinachofanana nazo. Haijawahi kulala dunguni. Ukiiomba anga la usiku la Tanzania itakupa twiga, mgunga na nyota za popote. Itumie kwa kivuli cha mgunga kama unataka. Nyota zitoe kwenye ramani ya anga.

Wa nne ndiye ninayemheshimu zaidi, anasema: shule niliyopangiwa haina umeme wala projekta. Ndugu yangu, ndiyo maana nasema tufanye hapa kabla hatujaondoka. Picha moja ukiitoa steshenari kwa karatasi ya A3 itakaa ukutani miaka. Ile chati yenye theluji nayo imekaa miaka, imefundisha darasa baada ya darasa. Tunachobandika kinabaki baada ya TP kwisha na sisi kurudi chuoni kudai maksi zetu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa serikali yetu ya wanafunzi na kwa chama cha wanafunzi wa elimu ni dogo na linatekelezeka kabla ya TP. Watu kumi na wawili, mwezi mmoja kila mtu. Kila mmoja atengeneze anga la mwezi wake, saa 3 usiku, la sehemu anayotoka: Ifakara, Kigoma, Mtwara, Musoma. Januari na Februari Orion karibu juu ya kichwa, siyo kwenye theluji. Mei Msalaba wa Kusini. Julai Nge na sehemu pana ya Njia ya Maziwa juu ya mashamba yaliyovunwa. Novemba Kilimia. Faili zikae kwenye kompyuta za maabara, mtu yeyote azichukue, abadilishe ardhi ya chini iwe ya shule anayokwenda. Kila moja na maandishi yake pembeni: wapi, lini, saa ngapi, imetengenezwa. Nani kaichora siyo muhimu sana. Anga halina mwenyewe.

Mwezi wa Mei mimi nauchukua, na faili lake limeshafika nusu. Kuna miezi kumi na mmoja imebaki. Jioni nipo kimbweta cha pili ukitokea maktaba. Anayetaka mwezi wake aje na fleshi, na kabla ya kuja apige simu nyumbani aulize hizo nyota kule kwao wanaziitaje.